Sauti ya kabla: kisa cha kumeza katika wodi ya kiharusi

Saa 11 alfajiri muuguzi wa zamu ya usiku aliandika hivi kwenye faili: “Anapumua mara 28 kwa dakika. Joto 38.2. Oksijeni asilimia 90. Kifua kinakoroma upande wa kulia. Daktari wa zamu amejulishwa.” Mgonjwa alikuwa mama wa miaka 67, aliyelazwa jana yake kwa kiharusi. Kabla ya adhuhuri picha ya kifua ilikuwa imeonyesha nimonia sehemu ya chini ya pafu la kulia.

Mimi ni muuguzi mkufunzi wa wodi hiyo. Sina wagonjwa wangu, nina wauguzi. Jambo likiharibika, karatasi ya tukio hunifikia ikiwa imeshajazwa, nami hutafuta sehemu ya “hatua zitakazochukuliwa” nijue nimepangiwa nini. Safari hii paliandikwa: mafunzo ya marudio kwa wauguzi wote kuhusu kipimo cha kumeza. Ilibaki sahihi yangu tu.

Niliomba siku tatu kabla ya kutia sahihi. Ninayoyaeleza hapa ni niliyoyakuta katika siku hizo tatu na yaliyofuata. Umri wa mgonjwa na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.

Siku ile ilivyokwenda

Mama aliamka mdomo umepinda, mkono wa kushoto haunyanyuki, maneno yanatoka mazito. Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa 4 usiku, alipokwenda kulala. Mgonjwa aliyeamka na kiharusi huhesabiwa muda kuanzia pale alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa hiyo alipofika kitengo cha dharura saa 3 asubuhi, zile saa 4 na nusu za kupewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu zilikuwa zimeshapita. Picha ya CT haikuonyesha damu iliyovuja ubongoni. Kwenye NIHSS, kipimo cha ukali wa kiharusi chenye alama 0 hadi 42 (kadiri alama zinavyozidi ndivyo kiharusi kilivyo kikali), alipata 6.

Alama 6 humpa mtu utulivu ambao hana haki nao. NIHSS inapima macho, uso, mikono, miguu, hisia na usemi, lakini haina hata kipengele kimoja cha kumeza. Mgonjwa anaweza kuwa na alama 4, akakusalimia vizuri, na bado maji yakaingia njia ya hewa kila anapokunywa.

Saa 4:20 asubuhi muuguzi wa dharura alimpima kumeza. Utaratibu wetu ulikuwa huu: mgonjwa awe macho, akae wima, apewe vijiko vitatu vya maji kimoja kimoja, kisha anywe mililita 90 mfululizo bila kupumzika. Akikohoa, akishindwa kumaliza, au sauti yake ikibadilika, anazuiwa kula na kunywa hadi aonwe na mtaalamu wa kumeza. Fomu ilijazwa tiki zote panapotakiwa, na chini ikaandikwa kwa herufi kubwa: AMEPITA. Akapewa aspirini kwa maji.

Alasiri alihamishiwa wodini. Kufikia jioni alikuwa amechoka, anasinzia katikati ya sentensi. Saa 2 usiku zamu zikakabidhiana: “Kitanda cha nne, kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo, mkono wa kushoto dhaifu, presha imetulia, kumeza amepita.” Saa 3 usiku ilikuwa zamu ya kidonge cha kushusha mafuta kwenye damu. Muuguzi akamwamsha, akamwinua nusu, akamshika kisogo, akamtilia kidonge na maji. Alikimeza. Akakohoa mara moja, kikohozi kidogo kama cha mtu anayesafisha koo, akarudi usingizini.

Kikohozi hicho hakikuandikwa popote. Nilikijua kwa sababu muuguzi mwenyewe alinieleza. Ndiye pia aliyejaza karatasi ya tukio bila kusukumwa na mtu, na nilimwambia mbele ya wenzake kwamba bila yeye tusingekuwa na kisa cha kuchambua.

“Kawaida ukilinganisha na nini?”

Nilianza na rejista ya mafunzo. Wauguzi wote wawili, wa dharura na wa usiku, walikuwa wamehudhuria somo langu la kumeza ndani ya mwaka huo. Mmoja alipata 19 kati ya 20 kwenye mtihani, na swali alilokosa halikuhusu sauti. Kuwaita tena wakae kwenye viti vilevile wasikilize maneno yaleyale kungekuwa sawa na kumpa dozi ya pili mgonjwa ambaye dawa haikumsaidia, bila kujiuliza kama ugonjwa ndio huo.

Kwa hiyo nilimfuata muuguzi wa dharura mwisho wa zamu yake, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. “Mdogo wangu, sikuulizi ulikosea wapi. Nipime mimi, kama ulivyompima yule mama.”

Alinikalisha wima. Alinipa vijiko vitatu, akisubiri vizuri baada ya kila kimoja. Alinipa maji, nikanywa yote, akanitazama kidevu na shingo. Kisha akasema, “Sema aaa, Mwalimu.” Nikasema. Akatia tiki: sauti baada ya kumeza, kawaida.

“Kawaida ukilinganisha na nini?”

Alinyamaza kidogo. “Na ya mtu yeyote.” Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: “Mwalimu, yule mama sikuwahi kumsikia kabla. Alikuja anaongea kwa uzito. Ningejuaje kwamba imebadilika?”

Nilichukua fomu nikaisoma kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na kisanduku cha “sauti baada ya kumeza: kawaida / imebadilika”. Haikuwa na mahali popote pa kuandika sauti ya kabla. Tulikuwa tunamuuliza muuguzi kuhusu badiliko, huku hatukumpa pa kuanzia kulinganisha. Na fomu ile niliiandika mimi.

Siku iliyofuata niliongea na binti wa mgonjwa, aliyekuwa naye kule dharura muda wote. Sikumuuliza swali la kitaalamu. Nilimwomba tu anisimulie asubuhi ile. Alipofika kwenye maji alisema: “Alipomaliza kunywa aliniambia nimfunike. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea huku ana maji kooni. Nikadhani ndio ugonjwa wenyewe, Sista.”

Hiyo ndiyo sauti tunayoifundisha, sauti ya majimaji. Maji yaliyobaki juu ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, hutikisika pumzi inapopita, na maneno hutoka kama yanachemka. Chumbani palikuwa na mtu mmoja aliyeijua sauti ya mama yule tangu utotoni, na hakuna aliyemuuliza.

Somo ambalo wote hufaulu

Kuna jambo lingine nililoliona nikiwa nimekaa kwenye kile kiti, na lilinisumbua zaidi ya fomu. Darasani kwangu wauguzi walipimana wao kwa wao. Watu wazima wenye afya, wamekaa wima, wana kiu ya saa za kazi. Wote walipita, kila mwaka. Nilikuwa nimefundisha mamia ya vipimo vya kumeza na hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyewahi kumsikia mtu akishindwa. Walitoka wanajua hatua zote na wameshika vizuri namna ya kutia tiki. Sikio hawakupata.

Hatari kubwa ya kiharusi kwenye koo ni kwamba mtu anaweza kupaliwa kimyakimya. Mimi na wewe tukipaliwa tunakohoa hadi machozi yanatoka. Kiharusi kinaweza kuchukua hata hisia ya koo, maji yakaingia kwenye njia ya hewa na mwili usilalamike. Wako wanaodhani ukimgusa mgonjwa nyuma ya koo akashtuka basi kumeza ni salama. Si kweli, vitu hivyo viwili haviendi pamoja kwa uhakika. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi wenye shida ya kumeza hupata nimonia mara 3 zaidi ya wasio nayo, na wale ambao imethibitika vitu vinaingia njia ya hewa hupata zaidi ya mara 11. Maji yenyewe si mkosaji mkubwa. Yanabeba vijidudu vya mdomoni, na mdomo wa mgonjwa ambaye hajasafishwa meno tangu jana usiku umejaa. Kwenye faili la mama yule hapakuwa na mstari wowote wa usafi wa kinywa, na hilo nalo halikuwa kwenye somo langu isipokuwa slaidi moja karibu na mwisho, wakati watu wameshaanza kutazama saa.

Kisha kuna suala la usiku. Hata kama kipimo cha saa 4:20 kingekuwa sahihi kabisa, kilimpima mama aliyekuwa macho. Mama wa saa 3 usiku alikuwa mwingine. Anayesinzia hachelewi tu kumeza. Kinywa kinashika maji, koo halijajiandaa, na kumshika kisogo mtu aliyelala nusu humfanya ainue kidevu, jambo linalofungua njia ya hewa wakati tunataka ijifunge. Neno “amepita” lilisafiri kutoka dharura hadi wodini, kutoka zamu ya mchana hadi ya usiku, bila saa yake na bila hali ya mgonjwa alipopimwa. Lilikuwa limegeuka sifa ya mtu, kama kundi la damu.

Nilimuuliza muuguzi wa usiku kama alisita. Alisema ndiyo, kidogo. Kilichomtoa wasiwasi ni kwamba iliandikwa.

Mjadala

Tulipokaa, mkuu wa wodi, daktari, mtaalamu wa kumeza na mimi, daktari alitaka wagonjwa wote wapimwe na mtaalamu wa kumeza peke yake. Hoja ina uzito, lakini mtaalamu huyo ni mmoja, na usiku na mwisho wa wiki hayupo. Maana yake mgonjwa wa Ijumaa jioni akae bila maji na bila vidonge hadi Jumatatu. Kipimo cha muuguzi ni chujio. Hakisemi shida ni ipi. Kinasema huyu asubiri, huyu aendelee. Chujio likitoboka unaliziba, hulitupi.

Ninapenda kurejea utafiti wa QASC uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika katika wodi 19 za kiharusi za New South Wales, Australia. Wauguzi walipewa mambo matatu ya kusimamia: homa, sukari na kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki wanategemea wengine walikuwa pungufu kwa pointi 15.7 za asilimia katika wodi zilizopata mpango huo, tofauti ambayo dawa nyingi zingeionea wivu. Watu wengi wanaoutaja hukumbuka matatu hayo na kusahau namna yalivyoingizwa: kabla ya somo, timu za wodi zilikaa zikajiuliza ni nini kwao kinazuia kazi kufanyika. Baadaye mpango unaofanana ulijaribiwa katika vitengo vya dharura vya hospitali 26 za Australia, na hali ya wagonjwa haikubadilika. Matokeo hayo yalinipa cha kufikiri, kwa kuwa kipimo chetu kilikosewa dharura. Nilikuwa nimelichukua somo la wodini nikalipeleka mahali ambapo muuguzi mmoja ana wagonjwa watatu wanaoletwa kwa pamoja, na nikategemea likae.

Karatasi ya tukio niliitia sahihi baada ya kufuta maneno “mafunzo ya marudio kwa wote” na kuandika mambo mengine.

Tulichobadilisha, na kilichotuharibikia kwanza

Fomu ilipata mstari mpya juu kabisa, kabla ya maji: “Sauti kabla. Andika alichosema na jinsi kinavyosikika. Muulize ndugu: hivi ndivyo anavyoongea siku zote?” Neno AMEPITA tuliliondoa. Badala yake pana saa ya kipimo na hali: “Amemeza vizuri saa 4:20, akiwa macho, amekaa wima.” Na kanuni moja ikabandikwa juu ya kila kitanda: anayesinzia hamezi kitu, hata kama asubuhi alimeza vizuri. Anapimwa upya akiamka.

Darasa la viti nililifunga. Sasa nafundisha dakika 10 mwanzoni mwa zamu, wauguzi wawili au watatu kwa wakati, kando ya kitanda, mtaalamu wa kumeza akiwapo anapoweza. Naanza kwa kuwaambia waachame mdomo wazi na wameze mate. Jaribu sasa hivi. Ni kazi ngumu, na ndivyo alivyo mgonjwa ambaye midomo yake upande mmoja haifungi. Kisha kila mmoja anaweka vidole kwenye shingo ya mwenzake: cha shahada chini ya kidevu, vingine vikifuata hadi juu ya zoloto, na anameza. Zoloto linapanda, linagonga kidole, linashuka. Baada ya hapo, kwa idhini ya mgonjwa, wanaweka vidole hivyohivyo kwa mtu mwenye kiharusi. Wanalisikia likichelewa. Wanasubiri, hakuna kitu, bado hakuna kitu, halafu linapanda nusu. Nimeona muuguzi wa miaka 15 kazini akiondoa mkono na kunitazama bila kusema neno.

Wagonjwa kadhaa walikubali kurekodiwa sauti, bila majina: “aaa” kabla ya maji na “aaa” baada. Ni sekunde chache tu, na zimefanya kazi ambayo slaidi zangu 40 hazikuifanya.

Lakini wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Hofu iliingia. Wauguzi waliona mwenzao ameandikiwa tukio, na wakaanza kumfelisha kila mtu. Kuna mzee mmoja, koo zima kabisa, aliyekaa karibu siku nzima bila kunywa wala kupewa vidonge vyake kwa sababu alisafisha koo baada ya kijiko cha kwanza na hakuna aliyethubutu kurudia. Alikuwa mvutaji sigara wa miaka mingi. Koo lake lilikuwa likisafishwa hivyo kila asubuhi. Aliniambia, “Binti yangu, mnanitibu kiharusi au mnanifungisha?” Sikuwa na jibu. Kumzuia asiyehitaji kuzuiwa nako kuna gharama: mwili unakauka, dawa zinarukwa, mgonjwa anapoteza imani nasi. Tuliongeza kwenye fomu kwamba dalili yenye shaka hurudiwa na muuguzi wa pili ndani ya saa moja, na anayezuiwa lazima aandikiwe palepale dawa zake zitapita njia gani: kwa mpira wa puani, kwa njia ya haja kubwa ikiwa ni aspirini, au zisubiri.

Fomu zilizojazwa zilipungua mwezi ule wa kwanza. Mkuu wa wodi alishtuka. Mimi nilifurahi kidogo, ingawa sikumwambia hivyo. Zamani fomu ilijazwa hata pale kipimo hakikufanyika vizuri; sasa palipokosekana kipimo, paliachwa wazi na sababu ikaandikwa. Nafasi iliyo wazi naweza kuifuatilia.

Mama na binti yake

Mama yule alipewa antibayotiki na akalishwa kwa mpira wa puani kwa siku tisa. Mtaalamu alimfundisha kushusha kidevu anapomeza, akaanza na vyakula laini, kisha vinywaji vilivyoongezwa uzito. Alirudi nyumbani anatembea na fimbo, akiwa amekaa hospitalini muda mrefu kuliko kiharusi chake kilivyodai.

Siku ya tano, mkuu wa wodi, daktari na mimi tulimweleza binti yake kilichotokea, bila kuzungukazunguka. Kwamba kipimo kilikosewa, kwamba maji ya usiku ndiyo yaliyoelekea kuleta nimonia, kwamba tumeomba radhi na tunabadilisha nini. Alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika na muuguzi. Alichotaka kujua ni kwa nini hakuulizwa, na hilo aliliuliza akinitazama mimi. Nikamwambia fomu haikuwa na mahali pa kumuuliza, na kwamba mwandishi wa fomu ni mimi.

Muuguzi wa dharura sasa ndiye anayefundisha zile dakika 10 upande wa dharura, alijitolea mwenyewe. Kila Jumatatu napitia fomu za wiki, na nimegundua kwamba ule mstari wa juu ndio ninaousoma kwanza. Wagonjwa wanasema mambo ya ajabu kabla ya maji. Mmoja: “Niacheni nilale.” Mwingine alitaja majina ya wajukuu wote saba. Ya wiki iliyopita, kwa mwandiko wa muuguzi yuleyule: “Sauti kabla: ya kukwaruza, nzito. Anasema ndivyo alivyo. Mwanawe anasema sivyo.” Chini yake: “Hajapewa maji. Nimemwita mtaalamu.”